Tulivyopata ukumbi mwingine siku chache kabla ya harusi

Siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu, meneja wa ukumbi alinipigia simu kunieleza kwamba bomba limepasuka, sehemu ya dari imeanguka, na sherehe haiwezi tena kufanyika pale. Alizungumza kwa upole na kututaka tuchague tarehe nyingine. Sikuchagua. Nilimwomba atuandikie siku hiyohiyo kwamba ukumbi ndio unaojitoa, kwa kuwa mteja anayejitoa mwenyewe tarehe ikiwa imekaribia kwa kawaida hupoteza malipo ya awali, na neno moja la hasira kwenye simu, kama vile "basi, hatuutaki tena", linaweza kugeuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Ushauri ulimiminika, mwingi wake mbaya. Wapo waliotaka tuahirishe, kana kwamba mpishi, mpiga picha na ndugu waliokwisha kukata tiketi ni watu wa kuahirishwa tu. Ulioniudhi zaidi ni ule wa kuwaficha wageni mpaka mambo yakae sawa. Aliye safarini ndiye anayehitaji kujua kabla ya wote! Niliwaandikia wote kwamba tarehe ni ileile, mahali panabadilika, na maelezo kamili yatafuata.

Ukumbi wa kwanza uliopatikana ulisemekana kubeba watu 200, na wageni wetu walikaribia idadi hiyo, kwa hiyo nyumbani kila mtu alisisitiza tulipe papo hapo. Nilikwenda na chaki na futi kamba. Meza ya duara yenye kipenyo cha mita 1.5 hukaliwa na watu 8, na ukihesabu viti pamoja na njia ya wahudumu, kutoka katikati ya meza moja hadi katikati ya nyingine panahitajika kama mita 3. Nikaanza kutia alama sakafuni kila baada ya mita 3, mlinzi akinishikia ncha ya futi, na nilipofika ukuta wa mwisho alama zilikuwa 15. Hizo ni meza za watu 120, na hapo sijatenga nafasi ya maharusi wala ya chakula. Wale 200 walikuwa watu wa kukaa kwa safu kama mkutanoni, bila meza yoyote mbele yao. Ninajivunia chaki ile mpaka leo, kwa sababu bila hiyo tungelipa fedha nyingi ili kuwasimamisha wageni ukutani.

Kupigia kumbi simu moja baada ya nyingine hakukuzaa chochote. Jumamosi ilikuwa imejaa kila mahali. Aliyenifumbua macho ni mpambaji wetu. Wapambaji, wapishi na wenye muziki huingia katika kumbi nyingi, hivyo wanajua kila mlango na ratiba yake. Aliniambia niache kuuliza kama siku ipo wazi, badala yake niulize ukumbi unakuwa mtupu saa ngapi. Niliurudia ukumbi mkubwa uliokwisha kunikatalia, nikauliza hivyo, nikajibiwa kwamba wenye sherehe ya jioni wataingia saa kumi na kwamba kabla ya hapo hakuna mtu. Tuliihamishia harusi asubuhi na kuahidi kutoka saa nane, ili pabaki muda wa kufanya usafi.

Kabla ya kulipa nilizungumza na mpishi, maana saa ya chakula ndiyo inayoamua mengine yote. Alikubali bila kusita. Mpiga picha alikuwa na kazi nyingine asubuhi hiyo, akamtuma mwenzake kwa saa za mwanzo, na picha zake ni nzuri kabisa.

Ujumbe wa pili kwa wageni ulitaja ukumbi wa zamani, ukumbi mpya na saa mpya, ukamtaka kila mmoja ajibu. Ambao hawakujibu tuligawana kuwapigia simu. Hata hivyo binamu yetu alisimama asubuhi nzima kwenye lango la ukumbi wa zamani akiwa na gari, na aliwaleta wageni kadhaa, wakiwemo wazee ambao hawasomi ujumbe wa simu.

Malipo ya awali yalirudishwa yote baada ya wiki kadhaa. Mhasibu wa ukumbi alijaribu kukata gharama za maandalizi, nikamwonyesha barua ya meneja wake, na mazungumzo yakaishia hapo.