Tulijiandaa Kupanda, Kushuka Kukatushinda: Siku Moja kwenye Mgongo wa Gombe

Tulikuwa watu 9, wote wakazi wa Kigoma mjini, na karibu wote tulikuwa tumeitazama milima ya Gombe, hifadhi ya taifa ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, kutoka ziwani kwa miaka mingi bila kuwahi kukanyaga mgongo wake. Tuliondoka Kibirizi alfajiri kwa boti ya mbao, kwa kuwa hifadhi ile haifikiwi kwa gari, na tukaelekea kaskazini mwendo wa takribani kilomita 16. Miongoni mwetu alikuwamo mwalimu mstaafu, mama wa makamo tuliyezoea kumwita Shangazi, ambaye alikuja na raba za kawaida, fimbo ya mwanzi na begi lililojaa chupa za maji. Sisi vijana, tuliovaa viatu vipya, tulimwonea huruma mapema mno.

Nianze na umbo la mlima wenyewe, kwani ndilo linaloifanya siku iwe ngumu. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa Gombe, ambao ni sehemu ya ukingo wa Bonde la Ufa, unapita mita 1,500 mahali kadhaa. Mita 700 na ushei za kupanda hazimtishi mtu aliyezoea kusikia habari za Kilimanjaro. Hata hivyo, hifadhi ni ukanda mwembamba kati ya maji na mgongo huo, hivyo kimo chote kinapandwa katika kilomita chache, kwa vijia vinavyokwea moja kwa moja kando ya mabonde kama Kakombe na Mkenke. Baada ya nusu saa hakuna aliyekuwa na pumzi ya kusimulia chochote.

Mwongozaji wetu alifanya jambo ambalo mwanzoni liliwaudhi wenye mbio: alitangulia yeye mwenyewe, akamweka Shangazi nyuma yake mara moja, akatukataza kumpita. Nilielewa sababu tulipofika juu ya msitu wa bondeni. Mwenye kasi akitangulia, hupumzika akiwasubiri wenzake, kisha huondoka mara tu wanapomfikia, na matokeo yake aliyechoka zaidi ndiye asiyepumzika kamwe. Kwa mwendo wa Shangazi tulisimama wote na kuondoka wote, na hatukuacha mtu njiani.

Tulipita karibu na kilima ambacho Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe Julai 1960, alikuwa akikaa na darubini kuwatafuta sokwe kwa macho kabla hawajamzoea. Sisi tuliona viota vyao tu, matawi yaliyokunjwa na kulazwa juu ya mti, majani yake yakiwa yamekwisha kukauka. Kutoka hapo msitu ulianza kuachia nafasi miti ya miombo, ambayo mwezi ule wa Septemba ilikuwa imetoa majani machanga kabla hata mvua haijanyesha. Majani hayo hayakuwa ya kijani. Yalikuwa mekundu kama shaba, laini, na jua lilipopenya ndani yake mishipa ilionekana mmoja mmoja. Nilisimama pale muda mrefu nikisingizia kupiga picha.

Mgongoni penyewe ni nyasi na mawe. Upande wa magharibi unatazama msitu unaoporomoka hadi ziwani; upande wa mashariki unatazama vijiji, mashamba ya mihogo na vilima vilivyobaki na miti michache. Mstari kati ya pande hizo mbili ni mkali kiasi kwamba unaweza kuufuata kwa kidole. Tulitarajia pia kuiona Kongo ng'ambo ya pili, lakini moshi wa kiangazi ulikuwa umefuta kila kitu baada ya katikati ya ziwa.

Kutembea juu ya mgongo hakukuwa tambarare kama tulivyodhani. Kila tulipomaliza nundu moja, nyingine ilijitokeza mbele yake, na vijito vyote viko chini mabondeni, kwa hiyo maji ni yale uliyoyabeba. Nilibeba lita moja na nusu, yakaniishia kabla ya saa 7 mchana. Shangazi alinipa chupa yake bila kusema neno, na hiyo ilinichoma kuliko angenisema.

Mazoezi yetu yote ya wiki tatu yalikuwa ya kupanda: ngazi, vilima vya mjini, asubuhi na jioni. Hakuna aliyefikiria kushuka. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hukaza huku ikivutwa kurefuka ili kuuzuia mwili usikimbie, na kazi ya namna hiyo huzichana nyuzi zake ndogo kwa kiasi kikubwa kuliko kupanda. Ndiyo maana maumivu makali huja kesho yake au keshokutwa. Nyasi kavu juu ya changarawe ziliteleza kama sakafu iliyomwagiwa mawese. Nilianguka mara 3. Mwenzetu mmoja soli ya kiatu chake kipya ilibanduka, akaifunga kwa kamba ya begi. Shangazi alishuka kiubavu, hatua fupi fupi, fimbo ikitangulia chini kabla ya mguu, na hakuanguka hata mara moja. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alijibu kwamba amekulia milimani Buhigwe, na kwamba mtoto aliyetumwa maji hufundishwa na ndoo.

Tulifika ufukweni saa 10 jioni, tukaingiza miguu ziwani kabla ya kuvua hata mabegi. Siku ya pili nilishuka ngazi za kazini kinyumenyume, nikishikilia ukuta. Kundi limekwisha kupanga kurudi mwezi Juni, nami nimeandikisha jina, ingawa kucha ya kidole gumba cha mguu wa kulia imekuwa nyeusi na bado haijaamua kama itaanguka.