Utando nimeuacha, nyuzi nazizoa

Mama mkwe alipokuja kutoka Pangani mwezi wa kumi, gauni nililomshonea hata hakuligusa kwanza. Alitazama pembe ya kibaraza, akauliza, "Mwanangu, na ufagio nao umekushinda?" Utando wa buibui ulikuwa umetanda toka kwenye nguzo mpaka darini. Nikamwambia, "Mama, ule una mwenyewe." Akaniangalia kama nimeanza kupungukiwa.

Chai haijapoa, mwenyewe akaja. Ni ndege mdogo, chozi jike, kijivujivu, mdomo umepinda kama sindano iliyokaliwa. Akapigapiga mbawa palepale hewani, akavuta utando, ukamzonga mdomo mzima, akaondoka nao hadi kwenye waya wa taa, hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu. Ndipo mama mkwe akaona kiota kinachoning'inia pale.

Mimi ni fundi, nakaa Tanga, na kutwa nzima niko kibarazani. Kwa hiyo nyumba ile niliiona ikijengwa tangu unyasi wa kwanza. Ni kimfuko kirefu, mlango uko ubavuni, na juu ya mlango kuna kipenu kidogo cha kuzuia mvua. Utando ndio gundi, bila huo kila kitu kingeanguka. Ndani akatandika sufi kutoka kwenye msufi wa jirani. Nje akapachika majani makavu na vigamba vya miti, hata ukikitazama kwa mbali utasema ni takataka zimenasa. Dume lake zuri kweli, kijani cha kumetameta na mkanda wa zambarau kifuani, ila siku zote zile sikumwona kabeba hata unyasi. Kazi yake kuimba kwenye migomba na kunyonya maua. (Sisemi kitu, mume wangu husoma hapa.)

Siku moja nikaona katikati ya majani yale kipande cha uzi mwekundu. Wangu! Niliringa, kila mteja nikamwonyesha.

Maringo yaliisha wiki ileile. Tetea wangu mmoja alianza kuchechemea, nikadhani kachomwa na mwiba. Nilipomshika nikakuta uzi umejiviringa kidoleni mara nne au tano, umezama kwenye nyama, na kidole kimevimba na kuwa cheusi. Uzi ni huo huo mwekundu. Nililoweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu, nikaitafuta ncha kwa sindano huku binti yangu amemfunika macho kwa kanga, nikakata kidogo kidogo kwa mkasi wa vifundo. Kidole hakikupona, kilikauka kikadondoka. Anataga kama wenzake, ila jina la Kiguru limeshamganda.

Tangu hapo kila kipande cha uzi kinaingia kwenye kopo la maziwa, na jioni nafagia chini ya cherehani kabla kuku hawajapita kwenda bandani. Wanaofuga njiwa karibu na mafundi, tazameni miguu yao. Uzi ukinywea haulegei wenyewe.

Mambo mengine ya kuku sina mapya. Mwaka juzi ugonjwa wa kideri uliniachia 3 kati ya 17, kwa hiyo sasa kila miezi mitatu ni chanjo, tone moja jichoni, kwa kila kuku na si wale tu walio karibu. Vifaranga wanashinda chini ya tenga kwa sababu ya kunguru. Waliosema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake nadhani walikuwa na yule wetu mwenye kifua cheupe. Hawa wa shingo ya kijivu, walioletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, wananichukulia kifaranga nikiwa nimekaa hapo hapo, tena wananitazama.

Kwa chozi hawakufika. Labda waliona takataka kama mama mkwe, labda waya uliwatisha. Makinda yalikuwa mawili. Mlangoni ilionekana midomo tu, ya manjano ndani. Yalitoka asubuhi moja nikiwa nakata kitenge, la pili likatua kwenye mkono wa cherehani, likajinyea kidogo, likaenda.

Mfuko bado unaning'inia, na juzi jike ameonekana akiukagua tena. Taa ile siiwashi. Jioni nashona ndani, ambako mwanga ni hafifu na joto halisemeki, kwa hiyo kama gauni lako limechelewa, ndiyo sababu.