Mbegu ya upatu wa shangazi

Zamu ya upatu ni pesa. Anayepokea mwanzo amekopeshwa na wenzake, anayepokea mwisho ameweka akiba mikononi mwao. Na kwetu Wete zamu inayoangukia kabla ya Idi, au kabla ya mchumo wa karafuu wakati mifuko imekauka, inapita nyengine zote. Kwa hiyo shangazi yangu, kijumbe wa upatu wa wanawake 20, aliponitaka nimtolee kura kwa kompyuta badala ya vikaratasi, nilimwekea sharti moja: kila mwanachama aweze kuirudia kura ile nyumbani kwake na apate mpangilio ule ule.

"Sasa ikiwa inarudiwa, itakuwa kura gani hiyo, mwanangu?"

Swali lake ndilo kiini cha mambo yote haya. Nilitumia Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na moduli yake ya random, yaani fungu la amri za kutoa namba za bahati nasibu. Moduli hiyo haibahatishi kitu, inakokotoa. Tangu Python 2.3 inatumia kanuni iitwayo Mersenne Twister, iliyochapishwa mwaka 1998 na Wajapani wawili, Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura. Unaipa mbegu, yaani namba au maandishi ya kuanzia, nayo inatoa mfululizo wa namba zinazoonekana kama zimeokotwa ovyo, lakini kila moja imekwishaamuliwa na mbegu ile. Andika random.seed(42), yaani weka mbegu 42, kisha random.random(), yaani toa namba, utapata 0.6394267984578837. Aliye Mkoani ataipata hiyo hiyo, na aliye Tokyo vilevile. Usipoweka mbegu, Python huomba moja kutoka kwa mfumo wa uendeshaji, ile programu kuu inayoendesha kompyuta, na kila ukiwasha programu namba zinakuwa nyengine.

Basi nikamwambia shangazi kwamba bahati haimo kwenye kompyuta, imo kwenye mbegu. Lililobaki ni nani anaichagua. Akiichagua kijumbe peke yake, anaweza kukaa usiku kucha akijaribu mbegu moja baada ya nyengine mpaka binti yake atokee wa kwanza, kisha asubuhi akatangaza matokeo kwa uso mkavu. Shangazi yangu hafanyi hivyo, lakini wenziwe wana haki ya kutolazimika kumwamini, wala kuniamini mimi.

Tulifanya hivi. Kwanza orodha ya majina iliandikwa kwa alfabeti na kufungwa. Baada ya hapo hakuna kugusa. Kisha kila mwanamke akaandika tarakimu moja, 0 hadi 9, kwenye karatasi yake na kuifunika. Karatasi zikafunuliwa zote kwa pamoja, asije wa mwisho akachagua yake baada ya kuziona za wenzake. Tukazipanga kwa mfuatano wa majina, ikawa mbegu ya tarakimu 20.

Urefu huo haukuwa mapambo. Watu 20 wanaweza kupangwa kwa njia 2,432,902,008,176,640,000. Mbegu ya tarakimu nne, mwaka wa kuzaliwa kwa mfano, inaweza kutoa mipangilio 10,000 tu, na iliyobaki yote haitokei kamwe hata mkipiga kura mpaka Kiyama. Tarakimu 20 zinazidi idadi ile zaidi ya mara 40. Mbegu niliiweka ndani ya alama za kunukuu, kama maandishi, ili sifuri ya aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha isipotee.

Sikutumia random.shuffle, amri ya kuchanganya orodha, ingawa ndiyo imetengenezwa kwa kazi hiyo. Waandishi wa Python wanaahidi kwamba random.random() itaendelea kutoa mfululizo ule ule kwa mbegu ile ile, hata matoleo yakibadilika; kwa shuffle hawatoi ahadi hiyo. Nikampa kila jina namba yake kutoka random.random(), nikayapanga majina kuanzia namba ndogo. Mjukuu wa mmoja wao, anayesoma skuli Chake Chake, aliirudia kura kwenye kompyuta yake na orodha ikatoka vilevile, jina kwa jina.

Shangazi alipoona hivyo alitaka njia hiyo hiyo imchagulie namba ya siri ya simu yake ya pesa. Hapo nilikataa. Mersenne Twister haifai kwa siri: mtu akiona namba 624 mfululizo za biti 32 (yaani kila moja ya tarakimu 32 za 0 na 1) kutoka kwake, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Kwa kazi hiyo Python, tangu toleo la 3.6, ina moduli ya secrets, ambayo huchota moja kwa moja kwenye mfumo wa uendeshaji na haikubali kupewa mbegu. Nilimwandikia secrets.randbelow(10000), ijazwe sifuri mbele zitimie tarakimu nne, nikampa simu aibonyeze mwenyewe nami nikageukia upande wa pili.