Shingo Kwanza: Pikipiki, Kusi na Asubuhi za Kipupwe Pemba

Mgeni anayeshuka katika bandari ya Mkoani, Pemba, mwezi wa Julai na kumkuta kijana wa bodaboda amejifunika koti zito, lililoshonwa kwa ajili ya theluji za Ulaya na kutufikia sisi kwa mitumba, aghalabu hucheka, na wenyeji wasiopanda pikipiki nao humsaidia kucheka. Mimi sina sababu ya kuungana nao. Asubuhi za kazi hutoka Wete baada ya sala ya alfajiri kuelekea Chake Chake, kwa pikipiki ndogo isiyo na kioo cha mbele cha kukinga upepo, na ninajua kijana yule anajikinga na nini. Neno langu kwake ni jingine: koti lake limehifadhi kifua na mikono, likaacha wazi upana wa vidole vitatu baina ya kola na helmeti, na hapo ndipo baridi inapoingilia.

Katika kipupwe, joto la alfajiri huku kwetu hushuka hadi nyuzi 21 au 22 za Selsiasi, na mtu aliyeketi barazani na kikombe chake cha kahawa haoni tabu yoyote. Mwili huipasha moto hewa nyembamba inayogusa ngozi, na maadamu hewa hiyo imetulia, inatosha kuwa nguo. Anayepanda pikipiki hana neema hiyo, kwa sababu kila hewa anayoipasha huondolewa papo hapo na nyingine mpya huchukua nafasi yake. Tena njia ya Wete hadi Chake inaelekea kusini, na msimu huo upepo unaovuma ni kusi, utokao kusini, kwa hiyo asubuhi mtu huuendea uso kwa uso. Akienda kilomita 50 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 20, shingo yake inapigwa na upepo wa kilomita 70. Jioni, akirudi, upepo uleule unamsukuma mgongoni na safari inakuwa nyepesi, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba baridi ya asubuhi ni ya saa tu, na kumbe sehemu kubwa yake ni ya mwelekeo.

Pemba nayo si tambarare kama wanavyodhani wasioifika. Barabara hupanda kwenye mikarafuu na kushuka kwenye mabonde ya mpunga, na hewa baridi, ambayo ni nzito kuliko ya moto, usiku kucha hutiririka kutoka vilimani na kutuama mabondeni. Mpanda pikipiki huihisi tofauti hiyo mashavuni hata kabla hajaliona bonde lenyewe. Kuna mabonde ambayo mimi huinamisha kidevu kabla sijayafika, kwa mazoea.

Nchi za baridi kali zina hesabu maalumu ya kueleza namna upepo unavyozidisha baridi. Ile inayotumiwa na Kanada na Marekani tangu 2001 inaonyesha kwamba hewa ya nyuzi 0 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi sawa na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri isiyo na upepo mkali. Hesabu hiyo haikukusudiwa joto linalozidi nyuzi 10, kwa hiyo asitokee mtu akaitumia kudai kwamba Pemba kuna barafu. Lakini utaratibu wa upepo kuchukua joto ni uleule kila mahali, na ngozi ya uso yenye nyuzi 33 hivi inapopigwa na hewa ya nyuzi 22 kwa nusu saa, lazima itoe joto kwa wingi.

Yapo maneno mawili yanayorudiwa sana juu ya jambo hili, na yote mawili yanahitaji kupunguzwa chumvi. La kwanza ni kwamba karibu nusu ya joto la mwili hutokea kichwani. Si kweli. Kichwa ni takriban asilimia 10 ya eneo la mwili wa mtu mzima, na joto linalotoka humo halizidi sana kiasi hicho. Kinachokitofautisha ni kwamba mara nyingi ndicho pekee kilichoachwa wazi, na kwamba uso una mishipa mingi ya fahamu, hivyo mtu akipigwa na baridi usoni hujiona amepoa mwili mzima. Shingo nayo ina ngozi nyembamba, na mishipa mikubwa ya damu inayopanda kichwani imepita karibu na ngozi hiyo. Zaidi ya hayo, shingo ni mlango: upepo ukishaingia kwenye kola hushuka kifuani na mgongoni, na hapo unene wa koti haumfai tena mvaaji.

Neno la pili ni la wazee wetu. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuniacha nitoke bila ya kuniambia, "Funga shingo, mjukuu wangu, upepo usije ukakupinda mdomo." Ugonjwa anaoukusudia upo, nao ni kupooza kwa ghafla kwa upande mmoja wa uso, ambao madaktari huuita kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Scotland aliyeueleza katika karne ya 19. Hutokana na kuvimba kwa mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, na mara nyingi hushukiwa virusi, hasa vile vinavyosababisha malengelenge ya midomo. Kwamba upepo wa pikipiki ndio unaouleta, hilo halijathibitishwa. Basi mtu akiamka mdomo umekwenda upande, asikae nyumbani akikandwa kwa mafuta na kuulaumu upepo. Aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili hizo hufanana na za kiharusi, na dawa ya kupunguza uvimbe hufaa zaidi ikianzwa mapema, ndani ya siku tatu za mwanzo. Hata hivyo, shingo naifunga. Bibi alikosea sababu, lakini amri yake ilikuwa sahihi.

Sasa tuje kwenye mavazi yenyewe. Madereva wa bodaboda, Bara na Visiwani, wamebuni ufumbuzi wao wa kuvaa koti kinyume, zipu ikawa mgongoni na mgongo wa koti ukawa kifuani. Ni ubunifu wenye akili, kwa sababu zipu ndiyo sehemu inayovujisha upepo kuliko zote, na kola ya nyuma, inapokuja mbele, hupanda hadi chini ya kidevu. Nina pingamizi moja tu, nayo ni kofia ya koti. Ikiwa imeshonwa papo hapo, ukilivaa koti kinyume kofia hiyo hukaa mbele ya koo, hujaa upepo kama tanga, na kwa mwendo mkubwa inaweza kuruka hadi machoni. Ikifunguka kwa vifungo, ifunguliwe na kuachwa nyumbani. Isipofunguka, ikunjwe ndani na kushonwa kwa uzi.

Kilicho bora kuliko koti kinyume ni kitambaa cha mviringo kisicho na ncha, kipana kiasi cha kupita kichwani, kinachovaliwa shingoni na kupandishwa mpaka puani inapohitajika. Huuzwa katika maduka ya vifaa vya michezo na ya wavuvi, hupatikana kwenye mitumba kwa bei ndogo, na fundi cherehani yeyote anaweza kukishona kutokana na kitambaa cha fulana ya kuvutika. Kwa asubuhi zetu kimoja chembamba kinatosha. Jambo la kuzingatia ni mpangilio: kitambaa kitangulie, ncha yake ya chini iingie ndani ya shati, kola ya koti ije juu yake, na helmeti iwe ya mwisho, ili kila tabaka lifunike mdomo wa tabaka lililo chini yake. Ukikivaa juu ya kola, umeupa upepo pa kushika.

Mzula mzito wa kufuma, ule wanaouvaa walinzi wa usiku, sipendi kuuona chini ya helmeti. Helmeti hufanya kazi kwa kubana kichwa sawasawa, na sufu nene huisukuma juu, kisha ikishasinyaa humwachia mtu helmeti inayocheza. Vivyo hivyo mkanda wa kidevuni, ambao unapaswa kukazwa baada ya kitambaa kuvaliwa, na usipite juu ya mafundo wala mikunjo minene. Afadhali shavu lipate baridi kuliko helmeti ichomoke kichwani siku ya kuanguka.

Kuhusu aina ya nguo, pamba ndiyo tuliyoizoea na ndiyo isiyofaa sana hapa, kwa kuwa hunywa maji na huchelewa kukauka. Gramu moja ya maji ikigeuka mvuke juu ya ngozi huondoka na juli 2,400 hivi za joto, na upepo huharakisha kazi hiyo. Kitambaa cha pamba kilicholowa umande au jasho, kwa hiyo, kinaweza kuipoza shingo kuliko kutovaa kitu. Sufu ya kondoo huhifadhi joto hata ikiwa na unyevu kidogo, na polista hukauka upesi. Kwa sababu hiyohiyo, anayetoka msikitini moja kwa moja na kupanda pikipiki ajifute kwanza maji ya udhu usoni, masikioni na hasa ndevuni. Ndevu zilizolowa, kwa mwendo wa kilomita 50, ni kitambaa kibichi kilichofungwa kidevuni. Vaselini hupakwa na wengi katika msimu huu, nayo huzuia midomo na mashavu yasipasuke, ila isihesabiwe kuwa ni nguo; haileti joto.

Kioo cha helmeti kinastahili kushushwa, kwa sababu upepo wa baridi hukausha jicho, nalo hujibu kwa machozi yanayoifanya barabara ionekane kwa ukungu. Lakini kioo kikishushwa na kitambaa kikiwa juu ya pua, pumzi hukosa njia ya mbele, hupanda juu, na unyevu wake hutanda kama ukungu kwenye kioo na kwenye miwani. Alfajiri ya kisiwani, ambapo hewa yenyewe imekwisha kujaa unyevu, hilo hutokea katika muda wa kufumba na kufumbua. Mimi hukiteremsha kitambaa chini ya pua, nikafunika kidevu na midomo tu, na kukiacha kioo na uwazi mdogo kwa chini. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja likipakwa ndani ya kioo na kufutwa kwa kitambaa kikavu mpaka lisionekane, husaidia kwa siku moja mbili. Mwenye helmeti isiyofunika uso hana tabu ya ukungu, ila amekosa na mengine yote.

Jambo nisilolipitisha kwa wepesi ni ncha zinazoning'inia. Shali, kilemba kilicholegea, mtandio wa abiria, ubavu wa buibui: vyote hivi vimo katika hatari ya kuvutwa na cheni au gurudumu la nyuma, na kilichozungushwa shingoni kikivutwa huenda na shingo. Isadora Duncan, mcheza dansi mashuhuri wa Marekani, alikufa hivyo mjini Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, shali yake ndefu iliponasa kwenye gurudumu la gari la wazi. Dada zetu wanaokaa upande nyuma ya pikipiki wanahitaji kuambiwa na dereva, kwa adabu na kabla ya kuondoka, "Bibie, kusanya buibui, na mtandio uuingize ndani." Dereva anayeona haya kusema hivyo hafai kubeba abiria.

Baridi ya kweli, bila shaka, iko kwingine. Makete na Njombe, kwenye nyanda zinazopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai umande huganda majanini, na wapanda pikipiki wa huko huvaa mzula, kitambaa na glavu bila ya kuchekwa na mtu. Shemeji yangu anayepeleka chakula kwa pikipiki mjini London hukutana na asubuhi za Januari za nyuzi 3, ambazo kwa mwendo wa kilomita 50 huwa kwenye ngozi kama nyuzi 4 chini ya sifuri. Yeye huvaa kofia nyembamba ya hariri inayofunika kichwa, masikio na shingo, akaongeza juu yake kitambaa cha mviringo kisichopitisha upepo, na kioo chake kina kipande cha pili cha plastiki kilichobandikwa kwa ndani, hewa ikabaki katikati ili ukungu usishike. Wenzake wana fulana zinazopashwa moto kwa umeme wa betri ya pikipiki. Hapa petu pesa hiyo ni bora inunue helmeti nzima.

Linalobaki ni watoto. Wengi wetu huwapakia mbele, juu ya tangi, tukiwapeleka skuli au chuoni kusoma Kurani, na mtoto aliye mbele ndiye kioo cha kukinga upepo cha baba yake. Mwili mdogo hupoa upesi kuliko mkubwa, na mtoto wa miaka minne hasemi kwamba shingo imemganda, hunyamaza tu. Mahali pake si pale, kwa sababu kubwa kuliko baridi. Lakini anayembeba leo, hata nyuma, amvalishe kitambaa kikavu chenye ncha zilizoingizwa ndani, helmeti inayomwenea, na apunguze mwendo, kwa kuwa mwendo ndio unaoutengeneza upepo.

Kitambaa chenyewe kifuliwe mara kwa mara, maana jasho na pumzi hukifanya kinuke, na jua likishapanda kisisokomezwe chini ya kiti kikiwa kibichi. Kitundikwe penye hewa, kikauke kabla ya alfajiri nyingine.