Moduli za ArchiCAD kwenye mteremko wa Bukavu

Nyumba sita zinazofanana, mstari mmoja, zinashuka kuelekea ziwa. Kwa Bukavu hiyo ni kazi ya kila siku, na katika ArchiCAD, programu ya kuchora majengo, hakuna kazi inayofaa zaidi kwa moduli iliyounganishwa. Unachora nyumba moja kwenye faili lake, unaiweka mara sita kwenye faili kuu. Ukisogeza mlango kwenye chanzo na kusasisha, milango yote sita inasogea. Ila mteremko una masharti yake, na programu haitakuonya.

Tuanze na kimo. Tuseme kila nyumba iko sentimita 60 chini ya jirani yake. Wengi huziweka zote kwenye ghorofa moja (yaani usawa mmoja wa sakafu) ya faili kuu, kisha wanazishusha kwa namba: −0.60, −1.20, −1.80. Picha ya pande tatu inatoka safi. Sasa fungua ramani ya sakafu uangalie nyumba ya nne. Kama ukato wa ramani, yaani kimo ambapo mchoro unakata kuta, umewekwa mita 1.10 juu ya ghorofa, kwa nyumba hii unapita mita 2.90 juu ya sakafu yake, na kuta zake zina 2.80 tu. Kuta zilizowekwa zionekane kadiri ya ukato hazikatwi tena. Zinachorwa kama paa lililotazamwa kutoka juu.

Dawa ni kuipa kila nyumba ghorofa yake kwenye faili kuu, sawa na usawa wa sakafu yake. Lakini angalia: ghorofa hizo sasa zinaachana kwa sentimita 60. Ukuta ambao kichwa chake kimefungwa na ghorofa ya juu unaweza kutii umbali huo na kuwa na sentimita 60, kama ukingo wa bustani. Kwa hiyo ndani ya moduli usifunge kichwa cha ukuta wowote. Andika kimo kwa namba, 2.80. Ramani ya mstari mzima utaipata kwa kupanga mionekano sita kwenye karatasi moja, kila mmoja ukikatwa kwenye mpaka wa nyumba yake.

Ukuta wa katikati, ule wa majirani wawili, usiuweke kwenye moduli. Ukiuweka, na ukuta una urefu wa mita 8 na unene wa sentimita 20, kuta mbili za moduli zinalaliana kwa kimo cha mita 2.20, yaani mita za ujazo 3.52 zinahesabiwa mara mbili. Nyumba sita zina maungio matano: 17.6. Mwenye kiwanja atanunua matofali hayo bila kuyahitaji! Tena ukuta wa kweli pale una kimo cha 3.40, kwa sababu unaanzia sakafu ya chini hadi kichwa cha nyumba ya juu. Uchore kwenye faili kuu. Vyumba vinavyogusa ukuta huo havitafungika vyenyewe kwenye moduli. Vichore mipaka kwa mkono.

Moduli inashikwa kwa sifuri ya faili la chanzo, yaani nukta ambapo vipimo vyake vinaanzia, basi kabla ya kuchora lolote weka sifuri hiyo kwenye mhimili wa ukuta wa katikati, juu ya sakafu.

Majina ya tabaka, zile tunazoita kalke, yalingane herufi kwa herufi. «Mur porteur» (ukuta unaobeba mzigo) na «Murs porteurs» ni kalke mbili, na ukizima moja nyingine inabaki inawaka. Faili za moduli zikae kwenye folda iliyo ndani ya folda ya mradi. Ukiunganisha kutoka flashi, kesho ikichukua herufi nyingine ya diski kwenye kompyuta, chanzo kinapotea: mchoro unabaki unaonekana, ila hausasishwi, na ndiyo maana kosa linachelewa kujulikana.

Mteja akitaka nyumba ya mwisho iwe na duka upande wa barabara, usivunje kiungo. Hifadhi nakala ya moduli kwa jina lingine, ibadilishe, kisha elekeza nyumba hiyo moja tu kwenye nakala hiyo.