Koti langu la Melbourne lina kanga ndani

Nilipopata nafasi ya kusoma Melbourne, kila mtu alikuwa na la kuniambia kuhusu nguo. Australia ni jua na fukwe, beba magauni mepesi. Usijaze begi, kule nguo ni bei rahisi. Ukifika ingia maduka makubwa, usiende kuzubaa vichochoroni. La mwisho ndilo lililoniudhi, na linaniudhi mpaka leo: "Usije ukanunua mitumba huko, utatuaibisha." Aliyesema hivyo ni shangazi yangu, na alisema mbele ya mama, mwanamke aliyenisomesha kwa kuuza mitumba soko la Memorial, Moshi, kwa zaidi ya miaka 20.

Nilifika Julai 2018. Julai ya Moshi naijua, asubuhi unatoka na sweta. Ila baridi ya Melbourne ina upepo wake. Unatoka kusini, na ukishavuka kisiwa cha Tasmania, huko nyuma hakuna nchi kavu mpaka Antaktika. Mchana nyuzijoto 13 au 14, alfajiri 6 au 7. Katikati hapo jua linawaka, mvua inanyesha, jua linarudi. Wenyeji wanasema mji wao una misimu minne kwa siku moja, na hawatanii. Magauni yangu mepesi yalikaa begini hadi Desemba.

Jambo la pili nililoliona ni weusi wa nguo. Panda tramu yoyote, yale matreni ya barabarani, saa mbili asubuhi: koti jeusi, suruali nyeusi, buti nyeusi, skafu labda ya kijivu. Sydney watu wanavaa rangi, mabega wazi, bahari iko karibu na joto lipo. Melbourne nyeusi ndiyo sare isiyoandikwa popote. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba tofauti ya mtu na mtu ipo kwenye kitambaa na mkato. Yule mama aliyekaa dirishani na koti jeusi na yule kijana wa koti jeusi aliyesimama mlangoni hawajavaa kitu kimoja hata kidogo. Ukishajua hilo, mji unaanza kusomeka.

Sasa koti la kwanza. Nilifuata ushauri. Nikaenda katikati ya mji, Bourke Street, pale kwenye maduka makubwa, nikazunguka hadi miguu ikauma. Wiki chache kabla kulikuwa na punguzo kubwa, kwa sababu mwaka wa fedha wa Australia unafungwa 30 Juni na maduka yanataka kupunguza mali. Mimi nikakuta mabaki. Jirani mmoja mwanafunzi akanipeleka duka jingine kwenye jengo la maduka nje kidogo ya mji, nikanunua koti jeusi refu la punguzo, kama dola 90 hivi. Kwenye kioo lilipendeza. Lilikuwa la poliesta tupu, na hilo nililiona kwenye lebo nikajiambia si kitu.

Upepo ulipita ndani yake kama unavyopita kwenye chandarua. Nilikuwa navaa sweta mbili chini yake, kwapa zinabana, nikiinua mkono kushika kamba ya tramu koti zima linapanda. Baada ya siku nne likaanza kutoa vijipele vya nyuzi pale mkoba unapogusa ubavuni. Siku ya 11, asubuhi, niko kituoni, mvua inakuja ya ubavu, zipu ikaachana katikati. Juu imefunga, chini imefunga, katikati imefumuka kama mdomo. Nilisimama pale nimekumbatia koti kwa mikono miwili mpaka tramu ikafika.

Nikalirudisha dukani na risiti. Dada wa kaunta akanionyesha karatasi ukutani: bidhaa za punguzo hazirudishwi. Rafiki zangu wote wakasema meza tu, hiyo ni nchi ya watu. Aliyekataa ni jirani yangu Mkongo, mama wa Bukavu aliyekaa Melbourne miaka mingi. Akaniambia, "Dada, usikubali ile. Hiyo karatasi ya ukuta haiko sheria." Alikuwa sahihi. Sheria ya walaji ya Australia inasema ukibadili mawazo tu, duka halilazimiki kukurudishia kitu. Lakini bidhaa ikiwa na kasoro una haki ya kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha kulingana na ukubwa wa kasoro, hata kama ulinunua kwa punguzo, na bango la ukutani haliiondoi haki hiyo. Nikarudi, nikaomba kuonana na msimamizi, nikaeleza polepole: siku 11, zipu, risiti hii hapa. Nikapewa fedha zangu zote. Tunza risiti. Piga picha, maana zile karatasi zinafutika wino.

Usiku huo nikampigia mama. Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huko hakuna mitumba?"

Ipo, na tele. Kuna maduka ya hisani kila kitongoji, wenyewe wanayaita "op shop". Watu wanatoa nguo bure, mashirika kama Vinnies, Salvos na Msalaba Mwekundu yanauza, fedha zinasaidia wenye shida. Kuna na Savers, kubwa kama ghala, tawi la Sydney Road kule Brunswick na la Footscray, ambako tagi zina rangi na rangi fulani hupunguzwa bei kwa zamu. Na hakuna anayeona haya. Wanafunzi, walimu, wanasheria, wote wamo humo, na mtu akisifiwa gauni anajibu kwa fahari kwamba alilipata kwa dola nane. Shangazi angeona! Zisizouzika, nyingi hufungwa marobota na kusafirishwa nje. Mama ameshawahi kufungua robota la kutoka Australia. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimesimama kwenye chanzo cha mto ambao mama amekuwa akichota mwishoni.

Mama akanikumbusha mpangilio wake, ule niliokua nao. Anza na kwapa, hapo ndipo nguo hufa kwanza. Kisha kola kwa ndani. Kisha makalio ya suruali, uitazame dhidi ya mwanga. Pindo ukalifunue uone kama kuna kitambaa cha kushushia. Zipu uivute mara tatu. Rangi na urembo mwisho kabisa.

Nilitafuta Jumamosi tano. Maduka ya vitongoji vya wenye nacho, upande wa Malvern, Armadale na Camberwell, yana mali bora kuliko ya katikati ya mji, lakini mengi yanafungwa saa kumi jioni, na Jumapili mengine hayafunguliwi kabisa. Camberwell Jumapili asubuhi kuna soko kwenye uwanja wa kuegesha magari, na pale unaweza kupatana bei. Ndani ya maduka ya hisani usipatane. Bei ni bei, na anayeuza mara nyingi ni bibi aliyejitolea bila mshahara.

Koti lilikuwa Armadale, mwisho wa chuma cha kutundikia, limebanwa na makoti ya manyoya ya bandia. Jeusi, refu kupita goti, kola pana. Lebo ya kitambaa ilikuwa imekatwa, imebaki ile ya kipimo tu: SW, na chini yake imeandikwa kwamba limetengenezwa Australia. Hizo herufi usizipite. Nguo za zamani za Australia zilipimwa kwa SSW, SW, W na OS, kutoka ndogo kwenda kubwa, kabla ya namba kuenea, kwa hiyo ukiziona ujue umeshika kitu cha miaka mingi. Na hata namba za zamani ni ndogo: 14 ya enzi hizo inaweza kumbana mtu wa 12 ya leo. Jaribu, usiamini namba. Nilikunja ngumi kwenye pindo la koti, nikakaza, nikaachia. Kitambaa kikajinyoosha chenyewe taratibu, kama mkate ulioumuka. Kwapa safi. Kola safi. Bitana, kile kitambaa cha ndani, ilikuwa imechanika kutoka shingoni mpaka kiunoni, inaning'inia vipande vipande, na ndiyo maana bei ilikuwa dola 20 na kitu. Bibi wa kaunta akaniuliza mara mbili kama nimeiona. Nimeiona, nikamwambia, nitaweka nyingine.

Nyumbani nikachomoa uzi mmoja wa kitambaa kwenye mshono wa ndani, nikauwasha juu ya sinki. Poliesta ingeyeyuka na kuacha punje ngumu. Huu ulinuka nywele zilizoungua, ukajizima, ukaacha jivu jeusi la kusagika kwa vidole. Sufu. Katikati ya mji kuna mtaa unaitwa Flinders Lane, ambao zamani ulijaa viwanda na mafundi wa nguo, wengi wao Wayahudi waliotoka Ulaya. Mishono ya koti lile, jinsi ilivyopigwa pasi ikalala, napenda kufikiri ilipita kwenye mkono wa mtu wa pale.

Bitana niliyokuwa nayo ni kanga. Mama alinipa doti moja siku ya safari, jekundu na jeusi, jina lake "Mgeni njoo mwenyeji apone". Nilikuwa najifunga nyumbani tu. Nikaifua kwanza mara mbili kwa maji ya moto, itoe gundi na isinyae yote ya kusinyaa. Bitana ya zamani nikaifumua kwa wembe, nikaipiga pasi vipande vipande, ikawa ndiyo patani yangu ya kukatia. Kipande kimoja cha kanga kikawa mgongo, cha pili mbele kulia na kushoto, pindo la kanga likakaa chini sawasawa na pindo la koti. Katikati ya mgongo niliacha mkunjo wa sentimita tatu hivi, maana bitana isipopewa nafasi ya kupumua, siku utakayoinama itachanika palepale ilipochanika ya kwanza.

Kosa nililifanya kwenye mikono. Nilishona mikono nayo kwa kanga, kwa mkono, jioni mbili, nikafurahi. Nikavaa sweta, nikaingiza mkono, ukakwama kwenye kiwiko. Pamba inakamata sufu, na sweta yote ilivutika ikajikunja begani. Nikafumua yote. Nikaenda Spotlight, duka kubwa la vitambaa, nikanunua mita na robo ya satini nyeusi, mikono ikawa ya satini na kiwiliwili kikabaki cha kanga. Mkono sasa unateleza wenyewe. Kwa hiyo anayetaka kufanya hivi: kiwiliwili weka unachopenda, mikono weka kinachoteleza. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia hili, na mafundi wote wanalijua.

Jioni ya tano nikashona pindo la mwisho. Nje ni koti jeusi la Melbourne kama la mtu yeyote. Likifunguka, ni kwetu.

Novemba wenzangu wa kazini walinialika Derby Day, siku ya mbio za farasi uwanja wa Flemington, Jumamosi inayotangulia mbio kubwa za Melbourne Cup, ambazo nazo ni Jumanne ya kwanza ya mwezi huo. Derby desturi ni nyeusi na nyeupe. Kichwani lazima kitu, na vile vikofia vya manyoya vilikuwa ghali mara mbili ya koti langu. Nilinunua Footscray kitenge cheusi na cheupe, nikapiga kilemba. Pale pale Flemington, mwaka 1965, mwanamitindo Jean Shrimpton alikuja Derby bila kofia, bila glavu, bila soksi, gauni juu ya goti, na nchi nzima ikachachamaa. Bado leo watu wanatazamana kuanzia juu mpaka chini. Viatu vaa vya kisigino kipana: uwanja ni nyasi, visigino vyembamba vinazama, na jioni utawaona wadada wengi kwenye treni wamevishika mkononi, miguu peku.

Saa tisa upepo wa kusini ukaingia. Magauni ya mabega wazi yote yakaanza kutetemeka. Mimi nilikuwa nimelibeba koti mkononi tangu asubuhi na kila mtu ananiuliza la nini. Nikalitikisa kulivaa, kanga ikaonekana, na mama mmoja wa makamo nisiyemfahamu akaniomba aishike. Akaligeuza, akapitisha kidole kwenye maandishi, akauliza yanasemaje. Nikamwambia. Akataka kujua duka.

"Koti la Armadale," nikamjibu. "Bitana ya Moshi."

Picha nilimtumia mama usiku uleule. Hakujibu kwa maneno, alinipigia video akitaka nigeuze mshono wa kola karibu na kamera, aone kama nimeficha uzi.

Sasa natafuta buti za R.M. Williams, zile za lastiki pembeni zenye ngozi ya kipande kimoja, zinazotengenezwa Adelaide. Mpya ni dola mia kadhaa, lakini zilizotumika zinapatikana, na soli inabadilishwa. Nimeshaona jozi tatu, zote za kiume, zote kubwa. Jumamosi hii naanzia Malvern.