Fomu ya Kurasa Saba

Ilikuwa imebaki miezi mitano likizo ifike. Mume wangu alikuwa amechora ramani ya dunia kwa mkono, vibaya kweli, mabara yamevimba kama maandazi, na kila nchi tuliyoikataa aliipiga msalaba mwekundu. Misalaba ilishakuwa mingi. Sote wanne tulitaka kwenda kujitolea nje ya nchi, ila kila mmoja alikuwa na nchi yake.

Usalama niliachiwa mimi. Nilianza na maonyo ya usafiri ya serikali ya Marekani, yale yenye ngazi 4: ya 1 nenda kwa tahadhari ya kawaida, ya 4 usiende kabisa. Nikajiona mjanja. Kumbe ngazi hiyo kwa kawaida hupewa nchi nzima, na sisi tungelala kijiji kimoja tu. Nchi inaweza kuwa shwari, na kijiji chako kikawa saa tano kwa boti kutoka hospitalini. Binti yetu, wakati huo ana miaka 12, ana pumu. Basi nikaachana na ngazi, nikawa nawauliza wenye miradi wote swali moja: mtoto akibanwa na kifua saa nane usiku, nani anamchukua, kwa chombo gani, na watafika baada ya muda gani?

Wengi walinijibu kwa picha za machweo.

Tukabaki na sehemu mbili: kituo cha watoto yatima Nepal, na mradi wa kulinda kasa Costa Rica, upande wa bahari ya Karibi. Mimi na mume wangu tulishaegemea Nepal. Wale walijibu ndani ya saa moja. Hospitali ipo jirani, gari lipo, karibuni hata wiki ijayo, watoto wanapenda sana wageni.

Binti yetu alikuwa anasoma barua pepe hiyo nyuma ya bega langu. "Mama, wao wametuuliza nini?"

Nikarudi juu, nikaisoma upya. Hawakuuliza chochote. Hawakutaka cheti cha polisi, wala kujua kama tumewahi kukaa na watoto wasio wetu.

"Kwa hiyo mtu yeyote tu anaingia," akasema. "Hata mtu mbaya."

Usiku huo sikulala mapema. Nilisoma jinsi UNICEF ilivyoonya, baada ya tetemeko la Nepal la mwaka 2015, kuhusu watoto kupelekwa kwenye vituo vya namna hii ilhali wengi wana mzazi aliye hai. Familia huahidiwa shule, na mgeni mwenye huruma ndiye anayelipa. Sina ushahidi kwamba kituo kile kilikuwa hivyo, na sitakisingizia. Lakini aibu ilinishika. Miezi miwili nilikuwa nauliza kama mwanangu atakuwa salama kwao, sikuwahi kuuliza kama watoto wao wako salama na watu kama sisi.

Asubuhi nikaifungua fomu ya Costa Rica, niliyokuwa nimeiweka kando kwa kuwa ilinichosha kuitazama tu. Kurasa saba. Chanjo ya pepopunda ulichoma lini? Barua ya daktari wa mtoto iko wapi? Bima yenu inalipia kumsafirisha mgonjwa? Vyeti vya polisi kwa kila mtu mzima. Ufukweni usiku ni tochi nyekundu tu, kwa sababu mwanga mweupe humtia hofu kasa anayepanda kutaga, akageuka kurudi baharini. Walisema wazi kwamba homa ya dengi ipo, na mvua itatunyeshea. Mume wangu akatukumbusha kwamba Costa Rica ilifuta jeshi lake mwaka 1948, kana kwamba mbu wanajali.

Tukaijaza pamoja. Ukurasa wa tano uliuliza: je, kila mmoja wenu anaweza kutembea kilomita nane juu ya mchanga, gizani? Baba mtu akaandika "ndiyo" bila hata kupumua.

Binti akamtazama tumbo. "Baba, hapo wanataka ukweli."

Akavaa viatu, akatoka. Baada ya nusu saa akarudi amelowa jasho, ameshika kiuno, akaomba kalamu. Akaikata ile "ndiyo", pembeni akaandika "bado".